Beji ya rubani waliyoiita feki huko ughaibuni, kumbe ilitoka mkononi mwa sonara wa hapa hapa Dar

Wakuu, habari za muda huu.

Ninachosimulia kimenikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, na mashahidi wapo hai. Najua humu kuna watu kazi yao ni kuandika "chai", yaani uongo, kabla hawajamaliza hata aya ya pili. Nyie kunyweni tu, sukari nimeweka mwenyewe.

Uzi ni mrefu kidogo. Mwenye haraka apite salama, ila asije kesho kuniuliza mambo niliyokwisha kuyaeleza.

Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Nauza vifungo, zipu, lesi, nyuzi, na yale mapambo ya kushonea nguo za harusi. Duka lenyewe ni kama kabati lenye mlango. Akiingia mteja mwenye kilo zake, mmoja wetu inabidi atoke ili mwingine ageuke. Lakini linanilisha.

Ugonjwa wangu ulianzia kwenye vifungo. Kuna siku niliuziwa gunia la vifungo vya zamani vya shaba na wale wauza vyuma chakavu wa upande wa Gerezani. Wakati nasafisha nikaona nyuma ya kila kimoja kumechongwa jina la aliyekitengeneza na mji wake. Kitu kidogo kama ukucha, halafu mtu kaona fahari kuweka jina lake mahali ambapo hata mvaaji hapaoni.

Niliduwaa na vile vifungo mpaka mke wangu akapiga simu kuuliza kama nimehama nyumbani.

Tangu siku hiyo kitu chochote nikishika, nageuza kwanza. Sahani nageuza. Saa nageuza. Kwenye harusi za watu nageuza vijiko, na mke wangu akiniona anasogea meza ya pili kama vile hajaja na mimi.

Kutoka kwenye vifungo nikaingia kwenye beji za marubani wa kivita. Nazungumzia yale mabawa mawili yanayobandikwa kifuani upande wa kushoto, juu ya mfuko wa shati, katikati yana duara la majani na mara nyingi taji juu yake. Sisi wa mchezo huu beji nzima tunaiita bawa. Kila nchi ina yake, na nchi moja inaweza kuwa na watengenezaji kibao. Utamu wa mchezo ni kumjua nani alitengeneza. Bawa moja lina manyoya manene, lingine membamba, pini ya huyu inafunguka chini, ya yule inafunguka juu. Ukizoea unawajua kama unavyojua mwandiko wa watoto wako.

Hapa nisimame kidogo, maana najua swali linakuja. Wakuu, sheria za nchi yetu hazina mchezo na sare wala alama za kijeshi. Za kwetu sigusi hata kwa kidole. Mimi nakusanya za nje tena za zamani, za watu ambao wengi wao walishazikwa, na zinakaa kwenye sanduku nyumbani. Sivai. Anayetaka kujifanya rubani barabara ya Msimbazi afanye kwa akili zake na nauli yake ya kwenda kituoni.

Tuendelee.

Kuna group moja ya mtandaoni ya watu wa mchezo huu kutoka dunia nzima. Anayeheshimika humo ni mzee mmoja wa Ulaya, fundi mstaafu wa ndege. Mimi namwita Mzee Baridi, kwa sababu hawezi kuandika ujumbe bila kulalamikia baridi ya kwao. Ndiye anayetunza kumbukumbu ya group, yaani picha za kila beji mbele na nyuma, na jina la mtengenezaji. Akisema orijino, imeisha hiyo. Akisema feki, beji inaingizwa kwenye ukurasa wa feki na hapo ndipo kaburi lake lilipo.

Sasa siku moja, kwa wale wale wa vyuma chakavu, nikakuta bawa la fedha limechanganyika na uma na vijiko vilivyopinda. Jeusi tii. Nikalifuta na kona ya shati na manyoya yakaanza kutokea moja moja. Wakuu, nikasogea kwenye mwanga. Kila unyoya ulikuwa umechongwa kwa mkono, hakuna mawili yanayolingana. Lilikuwa la marubani wa Mwingereza wa enzi za Vita vya Pili vya Dunia, taji juu, majani pembeni.

Nikageuza. Nyuma hakuna jina. Hakuna pini. Kulikuwa na miguu miwili myembamba kama njiti za kiberiti, imekatwa meno ya skrubu, na nati zake zote mbili hazipo.

Nilipiga picha nikaweka kwenye group. Nikaandika kwa kujiamini kwamba nimeipata Dar es Salaam na naamini ilitengenezwa hapa hapa.

Mzee Baridi alijibu kwa adabu, lakini jibu lilikuwa panga. Alisema kazi ya mbele ni nzuri, ila hakuna mtengenezaji yeyote anayejulikana aliyetumia miguu myembamba namna ile, hivyo ni kitu cha kuwauzia watalii, feki ya miaka ya karibuni. Wengine wakafuata na vidole gumba. Mmoja akaongeza kwamba katika mji kama ule, wakati ule, nani angekuwa na ufundi wa kutengeneza kitu kama hicho.

Hiyo ndiyo iliyoniingia.

Kuambiwa nimeuziwa feki ningevumilia, biashara ndivyo ilivyo. Lakini kuambiwa mji wangu haukuwa na mtu wa kuchonga bawa, hapana. Mimi nimezaliwa hapa, baba yangu kazaliwa hapa. Nikawajibu kwamba nitawaletea mtengenezaji. Mzee Baridi akasema sawa, ataiacha kwenye zinazochunguzwa mpaka atakapofunga kumbukumbu ya mwaka huu. Nisipoleta kitu cha kushikika, inakwenda ukurasa wa feki, na hapo haitatoka tena.

Nilipomsimulia mke wangu, akasema, "Baba Nasri, umebishana na wazungu kuhusu kijiko?" Akaenda zake jikoni.

Mimi nikakaa nikawaza kwa akili ya muuza vifungo. Kwanza, kwa nini rubani avae bawa la chuma wakati la kawaida ni la kitambaa, limeshonwa kabisa kwenye shati? Jibu ni joto la Dar. Shati la kaki hapa linafuliwa kila siku, na dobi wa zamani alikuwa anapigiza nguo kwenye jiwe. Bawa la kitambaa lingebaki nyuzi. La chuma unalifungua, unampa dobi shati, jioni unalifunga tena. Kwa hiyo skrubu ilikuwa na maana yake.

Pili, nani hapa mjini enzi hizo alikuwa na mkono wa kuchonga unyoya kwenye fedha? Masonara wa Kihindi. Na ile miguu myembamba iliyowashangaza kule, mimi nilikuwa naiona kila wiki masikioni mwa wateja wangu. Hereni za dhahabu za mama wa Kihindi hazina kulabu kama zetu. Zina mguu wa skrubu unaopita kwenye sikio, halafu nyuma unakaza nati ndogo.

Wale jamaa walikuwa wanajua pini zote za dunia. Hereni hawakuwahi kuzifikiria.

Wateja wangu wakubwa wa lesi na mapambo ni mama wa Kihindu wa Upanga na Kisutu wanaoandaa harusi. Nikaanza kumuuliza kila aliyeingia kama kwao kulikuwa na sonara wa zamani. Ilichukua miezi. Wapo waliodhani natafuta mahali pa kuuzia mali ya wizi. Mama mmoja aliniangalia juu mpaka chini akaniambia, "Wewe kata lesi, mita tatu." Nikakata.

Mpaka akaja mmoja akasema jirani yake wa Upanga, mama mtu mzima sana, baba yake alikuwa sonara miaka hiyo. Akampigia simu pale pale. Siku ya pili yake nikafunga duka mchana, nikaenda.

Mama mwenyewe anaitwa Kantaben. Ana miaka themanini na kitu, mwembamba, sari nyeupe, na macho ya mtu ambaye huwezi kumuuzia kitu kibovu maishani mwako. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha chai ya viungo na chevda, ile bite ya Kihindi ya kutafuna. Kiswahili chake ni cha mjini kabisa kuliko changu.

Nikatoa bawa kwenye leso nikaliweka mezani, mgongo juu. Hiyo ni tabia yangu tu.

Aliugusa mguu kwa ncha ya kidole. Akauliza hereni hii ni ya nani.

Nikaligeuza. Alipoona mabawa akaweka kikombe chini. Kisha akaniambia mambo ambayo nayaandika hapa kama alivyoyasema.

Baba yake aliitwa Jamnadas. Alikuwa anafanya kazi kwenye baraza ya nyumba ya kupanga karibu na Kisutu. Kantaben alipokuwa mdogo sana, wanaume wa Kizungu wenye kaptula za kaki walikuwa wanakuja pale barazani na kuvua kofia, na baba yake alikuwa anawachongea mabawa. Yeye alikuwa akikaa chini kuokota vumbi la fedha kwa brashi. Ameyasimulia hayo maisha yake yote. Lakini kaka yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akimcheka mbele za watu kwamba baba yao alitengeneza bangili na vipini vya pua tu, mabawa Kanta ameyaota. Watoto wa huyo kaka wakaukuta utani umeshaota mizizi. Kila shughuli ya ukoo lazima mtu amuulize shangazi, vipi, ndege zako zimeruka?

"Mwanangu, na mimi nilifika mahali nikaanza kusema labda kweli niliota," aliniambia.

Nikamuuliza kama ana kitu chochote cha mkono wa baba yake tulinganishe. Akacheka. Wakuu, hapa ndipo nilipojifunza jambo. Kwao dhahabu haikai. Binti akiolewa, hereni za bibi zinayeyushwa zinakuwa bangili za bibi harusi. Binti wa binti akiolewa, bangili zinayeyushwa zinakuwa mkufu. Dhahabu ni ile ile, inazunguka ndani ya ukoo vizazi na vizazi, na wanaona ndiyo baraka yenyewe. Kwa hiyo karibu kazi yote ya Jamnadas ilishaingia motoni mara nyingi na kutoka kitu kingine.

Halafu akanieleza siri ya ile miguu. Zamani sonara alikuwa hanunui skrubu. Alikuwa na kipande cha chuma chenye matundu, amekitoboa mwenyewe, na humo ndimo alimokatia meno ya skrubu zake zote. Baba yake alikitengeneza cha kwake akiwa kijana na hakukibadilisha mpaka anakufa. Matokeo yake, nati ya Jamnadas ilikuwa inaingia kwenye mguu wa Jamnadas tu. Mwanamke akipoteza nati ya hereni, Dar nzima hakuna sonara mwingine wa kumsaidia, lazima arudi barazani kwake.

Alicheka sana aliposema hivyo. Kwamba mteja wa baba yake hakuwa na pa kukimbilia.

Mimi niliinuka kwenye kiti. Nikamwambia, mama, basi tukipata hereni moja tu ya baba yako, nati yake ikiingia kwenye mguu wa hili bawa, kesi imeisha. Yangu na yako.

Kicheko kikakatika.

Jozi ya mwisho ya baba yake, hereni alizovaa yeye mwenyewe siku ya harusi yake, asubuhi ile ile alikuwa amempa mjukuu wake Hetal azipeleke kwa sonara Kariakoo. Hetal anaolewa. Zinageuzwa bangili.

Alimpigia Hetal. Simu inaita, haipokelewi. Akapiga tena. Kisha akasimama, akachukua mkoba, akavaa ndara zake na kuniambia neno moja tu, "Twende."

Tukapata bajaji pale nje. Kijana wa bajaji akataka kuzunguka kukwepa foleni, Kantaben akamwelekeza apite Mnazi Mmoja, na alikuwa sahihi. Mimi nimeshika leso yenye bawa kwa mikono miwili. Njia nzima midomo yake inacheza tu, nikajua anaomba. Na mimi nilikuwa naomba yangu.

Sonara mwenyewe anaitwa Shaibu, Mswahili wa hapa hapa, ukoo wao una miaka na kazi hiyo. Duka lipo kwenye mitaa ya nyuma ya soko. Tulipoingia tukamkuta anafuta jasho. Juu ya kibao kulikuwa na kipande kimoja cha dhahabu, kimekaa kama tofi iliyotoka kwenye karatasi.

Hakuna aliyehitaji kuuliza.

Kantaben alikaa kwenye kiti cha wateja taratibu. Hakulia. Aliangalia kile kipande na kusema kwa sauti ya kawaida kwamba si kitu, ndiyo kazi ya dhahabu, haina kosa. Mimi niliumia, nisiwafiche. Niliumia kwa ajili ya bawa langu, kisha nikaumia zaidi kwa sababu yule mama alikuwa ananifariji mimi wakati aliyepoteza ni yeye.

Shaibu akabaki ananishangaa, mtu mzima nimesimama dukani kwake na leso, macho mekundu. Ikabidi nimweleze. Nikamwonyesha ile miguu. Nikamwambia tulikuwa tunatafuta nati.

Akasema nati hazikuyeyushwa.

Nikamwomba arudie. Akarudia kwa mshangao, kama ananieleza kwamba maji huwa yanalowesha. Dhahabu ya hereni zile ilikuwa safi sana, laini. Nati haiwezi kutengenezwa kwa dhahabu laini, ingelika meno kwa wiki moja, kwa hiyo masonara wote wanaichanganya na shaba iwe ngumu. Ukiitupa kwenye chungu pamoja na dhahabu safi unaharibu mzigo wa mteja. Yeye huvua nati kwanza anaziweka pembeni na vipande vingine, siku zikijaa anazisafisha zote pamoja.

Akavuta droo akatoa kopo la zamani la maziwa ya unga. Akalimimina kwenye trei. Wakuu, kulikuwa na nati kama punje za mtama. Za wateja wote wa miezi yote.

Kantaben alisogeza kiti. Akaniomba bawa.

Nikawasha kamera ya simu, maana nilijua kule kwenye group neno langu peke yangu halitoshi. Shaibu anaokota kwa koleo, Kantaben anajaribu kwa vidole vyake. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ikacheza. Iliyofuata haikupita hata ncha ya mguu. Nyingine iling'ata kidogo ikagoma, akairudisha haraka asiharibu meno. Tukaenda hivyo. Nyingi tu. Watu wa duka la pili wakaanza kuchungulia.

Halafu akaweka moja, akaizungusha, ikaingia. Akazungusha tena. Ikaendelea kushuka, haikwami, haichezi, mpaka ikakaa kwenye mgongo wa bawa ikatulia.

Akaachia mkono. Haikutikisika.

Shaibu aliinama na miwani yake ya sonara akaangalia, akasema ni moja ya zile alizozivua kwenye hereni za Kantaben mchana ule. Kisha akatafuta mwenzake kwenye trei kwa makini, sasa alikuwa anajua anatafuta umbo gani. Nati ya pili ikaingia kwenye mguu wa pili vile vile. Ili nisiache mlango wazi kwa wabishi nikamwomba ajaribu zile nati mbili kwenye hereni nyingine alizokuwa nazo dukani. Hazikuingia hata moja. Yote yapo kwenye video, sijakata popote.

Nilimgeukia Kantaben. Alikuwa ameshika bawa kifuani kwa viganja viwili, analia na kucheka kwa pamoja, anaongea Kigujarati. Mimi Kigujarati changu ni cha kuuzia lesi tu, lakini neno la baba nalijua.

Na hapo ndipo Hetal akapiga simu kuuliza kuna nini mbona simu nyingi. Bibi yake akamjibu kwa Kiswahili, nadhani ili sisi wote tusikie.

"Waambie wote. Sikuota."

Wakuu, nimewahi kufurahi maishani. Nimefurahi kuoa, nimefurahi kupata mtoto, nimefurahi timu yangu ikimpiga yule jirani, jina kapuni. Lakini ile furaha ya mchana ule dukani kwa Shaibu ina chumba chake peke yake. Nilitembea kutoka pale mpaka dukani kwangu, nikaacha bajaji zote zinipite, kila muuza duka ninayemjua nikamsalimia kama nimerudi Hija.

Usiku huo huo video ilikuwa hewani. Nikaeleza yote: dobi, hereni, kile chuma chenye matundu, kopo la maziwa. Group ikanyamaza. Kwa wale mnaojua mitandao, kile kimya cha watu wanaoangalia video mara mbili.

Mzee Baridi akaja na swali gumu, na nilimheshimu kwa kuuliza. Je, kama mtu mwingine alirithi kile chuma akatengeneza bawa miaka ya baadaye? Nilimpelekea swali Kantaben. Alisema baba yake alipofariki, vyombo vyake vya kazi kaka yake aliviuza kama chakavu ndani ya mwezi, yeye Kantaben akiwa amesimama mlangoni analia. Hakurithi mtu.

Lakini hata kabla sijaandika jibu, mambo yalishatokea yenyewe. Jamaa mmoja wa Australia akaweka picha. Baba yake alikuwa rubani, alipita Afrika Mashariki wakati wa vita, na aliacha bawa ambalo group hii hii ilimwambia ni feki miaka ya nyuma. Akalitoa kwenye boksi. Manyoya yale yale yasiyolingana. Nyuma, miguu miwili kama njiti. Na nati zake zote mbili zilikuwa juu yake, ndogo, za mviringo, pacha wa zile za kopo.

Kisha mwanamke mmoja wa Kanada akaja na lake. Kwenye ukurasa wa feki watu wakaanza kufukua makaburi.

Mzee Baridi aliandika ujumbe mfupi. Ulikuwa ujumbe wake wa kwanza ambao haukutaja baridi. Alisema amekosea, na anaomba aandikiwe jina la sonara kwa herufi zake sahihi. Nikamwandikia. Leo ukifungua ile kumbukumbu, mahali pa mtengenezaji panasomeka Jamnadas, sonara, Dar es Salaam. Yule aliyeuliza nani angekuwa na ufundi kwenye mji kama huu aliweka kidole gumba. Nimemsamehe, ila screenshot ninayo.

Nilimwonyesha mke wangu. Alisoma yote mpaka mwisho, kisha akasema kesho niende na keki kwa yule mama, nisiende mikono mitupu. Hiyo kwake ni pongezi.

Basi nikaenda Upanga na keki, na nikaenda na bawa pia, limesafishwa, na nati zake mbili zimekazwa. Nilishaamua moyoni njia nzima. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika, lakini nilikuwa na uhakika pale ndipo kwao. Nikampa Kantaben ukurasa wenye jina la baba yake, nimeuchapisha kwa herufi kubwa. Akausoma, akamsomea Hetal, akampigia mtoto wa marehemu kaka yake Uingereza akamsomea na yeye. Huyo ndiye aliyekuwa kinara wa utani wa ndege. Nilisikia kimya upande wa pili, na Kantaben hakukiharakisha.

Alipokata simu nikasukuma leso mbele yake. Nikamwambia mama, hili ni lako, na nati ni mali yenu.

Alilifungua. Alilitazama mbele, akalitazama nyuma, akalipitisha kidole kwenye kila unyoya. Kisha akalifunga tena vizuri na kulirudisha upande wangu wa meza.

"Kaa nalo wewe, mwanangu. Kwetu litayeyushwa."

Nikalichukua.

Wakuu, somo nililopata ni kwamba mtu akikwambia kitu chako ni feki, muulize kwanza kama anajua au hajawahi kukiona. Ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi wanaosema hawavitofautishi.

Kama kwenu kuna hereni za bibi zenye nati ngumu zisizoingia popote, au mzee wenu aliwahi kusimulia kitu mkamcheka, andikeni hapa chini. Wa vyuma chakavu pia mnakaribishwa. Na wale wa chai, vikombe mrudishe.